Mbili, Tatu

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda farasi.
Punda, ndiyo: punda wa mzee Kileo, wa kubebea mchanga.
Lakini bendi tuliiita Farasi wa Njoro,
na Ndeonansia akavaa kofia pana ya mtumba
aliyoinunua Memorial kwa shilingi mia nane.
Ndani iliandikwa jina la mtu wa mbali
ambaye kichwa chake, alisema, kilizidi akili zake.

Gitaa liliachwa na mmisionari aliyerudi kwao,
pamoja na kanda nne za wanaume wanaolia
kwa lugha ambayo baba yake hakuielewa.
Baba yake, mpima kahawa wa chama cha msingi,
alizisikiliza jioni akitikisa kichwa:
"Huyu naye kapunjwa kwenye mizani."
Basi huo ukawa wimbo wake wa kwanza.
Uzi wa sita ulikuwa waya wa breki ya baiskeli.

Mimi nilipiga besi. Vibaya, mwanzoni.
Yeye aliandika nyuma ya stakabadhi za kahawa
kwa penseli ya seremala,
na mstari ukiwa mzuri kupita kiasi aliukata.
"Huu unajisikia," anasema, anaufuta kwa mate.

Majengo, Pasua, Kiborloni siku ya gulio.
Desemba, wenyewe wanaporudi mlimani na magari na madeni,
tulipiga mpaka ndafu inaisha na mbege inachacha.
Wajomba walimbandika noti kwenye paji la uso,
naye anazibandua bila kukosa neno.
Mama mmoja wa Uru alikuja kila Jumamosi
kuomba wimbo uleule, wa mume aliyekwenda Mererani
akaandika barua, barua ikawa picha,
picha ikawa kimya.
Hakucheza. Aliupakata mkoba wake mpaka mwisho,
akalipa soda, akaondoka.

Arusha tulikwenda mara moja, kurekodi.
Fundi mitambo, kijana mwenye miwani ya jua
ndani ya chumba kisicho na dirisha, akasema,
"Muziki huu hauchezeki, dada. Tuweke ngoma ya kompyuta."
Ndeonansia akavua kofia, akaiweka juu ya kinanda chake.
"Mdogo wangu, nani kakwambia watu wote wanataka kucheza?"
Tulirekodi nyimbo saba kwa siku moja.
Wa nane, umeme ulikatika katikati,
na wimbo uko hivyo hivyo hadi leo,
unakatika kwenye neno *nikirudi*.

Redio iliupiga ule wa mizani mwaka mzima
bila kutaja jina. "Wimbo wa zamani," alisema mtangazaji.
Ulikuwa na miezi mitano.
Duka la pembejeo likaufanya tangazo;
alipokwenda kudai, wakampa mfuko wa mbolea, kilo hamsini.
Akaubeba.
"Mahindi hayajui aibu," akaniambia.

Kisha tezi. KCMC, kisu,
kovu jembamba kama uzi wa kwanza.
Sauti ilirudi jinsi ng'ombe wanavyorudi jioni
pungufu mmoja, yule mwenye kengele.
Bendi hatukuivunja; hakuna aliyetamka.
Mpiga ngoma alinunua bodaboda.
Mimi nauza spea karibu na stendi,
na besi iko juu ya kabati, wanangu wanaianikia soksi.

Juzi nimepanda Machame kumwona.
Kofia kaivika sanamu ya kutishia ndege;
ndege wanatua ukingoni mwake, wanapumzika.
Nikamuuliza kama bado anaandika.
Akanitazama kana kwamba nimeuliza
kama bado anakwenda chooni.

Kulikuwa na mkungu chini ya mgomba,
mzito, wa kupeleka barabarani kwa mnunuzi.
Tukainama, kila mtu upande wake.
Mikono yangu ilikuwa tayari, mgongo pia,
lakini nilingoja, wala sikujua nangoja nini,
mpaka akagonga udongo kwa kisigino
na kusema, kwa ile sauti iliyobaki:
"Mbili, tatu..."